Jeni ya Mgongo Iletayo Tumbo: Jinsi Kiinitete Kipatavyo Mielekeo ya Mwili

1. Utangulizi

Nzi wa matunda anayo jeni iitwayo dorsali, jina lililotolewa katika neno la Kilatini lenye maana ya mgongo. Mwanafunzi akutanapo na jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi ya jeni hiyo ni kuumba mgongo. Sivyo ilivyo. Protini itokanayo na jeni hiyo ndiyo inayoagiza upande wa tumbo. Jina lilitolewa kwa kutazama madhara yanayotokea jeni hiyo ikosekanapo kwa mama: kiinitete chake huwa mgongo pande zote, wala tumbo halionekani. Wataalamu, basi, waliita jeni kwa jina la kile kinachobaki ikiwa haipo, si kwa jina la kile inachokifanya.

Mfano huo wadhihirisha ugumu unaomkabili kila atakaye kufafanua elimu ya viinitete kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini elimu ya viumbe katika vyuo vikuu hufundishwa kwa Kifaransa. Mwalimu ageukapo Kiswahili ili aeleweke vizuri zaidi, hulazimika kuunda istilahi papo hapo. Akitafsiri neno kwa neno, ataifanya jeni ya tumbo kuwa jeni ya mgongo, na kosa hilo litamfuata mwanafunzi hadi mtihanini na hata baada yake.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza jinsi ujumbe wa jeni unavyokipatia kiinitete kichwa na mkia, mgongo na tumbo, kuume na kushoto. La pili ni kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi katika uwanja huu hauwezekani kabla ya kuelewa utendaji wa kila jeni.

2. Mihimili mitatu na majina yake

Wanyama wengi, kuanzia nzi hadi binadamu, wana mihimili mitatu ya mwili. Mhimili ni mstari wa kuwaziwa tu, usioonekana kwa macho, ambao kwao tunapima mahali pa kila kiungo. Mmoja huenda toka kichwani hadi mkiani. Wa pili toka mgongoni hadi tumboni. Wa tatu toka kuume hadi kushoto.

Vitabu vya Kifaransa huuita mhimili wa kwanza kwa maneno yenye maana ya mbele na nyuma. Kwa nzi, chura au mbwa maneno hayo hayaleti shida, maana kichwa hutangulia na mkia hufuata. Lakini binadamu amesimama wima. Kwake yeye mbele ni kifua na tumbo, na nyuma ni mgongo. Mswahili akiambiwa “mhimili wa mbele na nyuma” katika mwili wa mtu, atafahamu mhimili wa pili wala si wa kwanza. Kwa sababu hiyo yafaa kuitaja mihimili kwa viungo vyenyewe: mhimili wa kichwa na mkia, mhimili wa mgongo na tumbo, mhimili wa kuume na kushoto. Majina hayo hayabadiliki, mnyama akitambaa au akisimama.

Swali la msingi ni hili: mihimili hiyo yatoka wapi? Seli zote za kiinitete hurithi jeni zile zile. Ikiwa maandishi ni yale yale katika kila seli, seli moja yajuaje kwamba iko kichwani, na nyingine kwamba iko mkiani? Jibu, kwa ufupi, ni kwamba seli haijui kwa kujitazama yenyewe. Hupokea ujumbe kutoka nje, na hutambua mahali pake kwa kiasi cha ujumbe uliofika.

3. Kichwa na mkia: ujumbe wa mama

Mnyama aliyefunua siri hiyo kuliko wengine ni nzi wa matunda. Mwaka 1980, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliokuwa wakifanya kazi mjini Heidelberg, Ujerumani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa maelfu ya nzi wenye jeni zilizoharibiwa makusudi. Walitafuta mabuu yenye pingili pungufu au zilizogeuka, kisha wakauliza ni jeni gani iliyokosekana. Mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward B. Lewis wa Marekani.

Yai la nzi huyo lina urefu wa karibu nusu milimita. Yai lingali ndani ya mama, seli za mama huweka kwenye ncha yake moja RNA ya jeni iitwayo bikoidi. Baada ya yai kutagwa, RNA hiyo hutafsiriwa kuwa protini, na protini husambaa polepole kuelekea ncha ya pili. Jambo hilo lawezekana kwa kuwa mwanzoni kiinitete cha nzi hakina kuta za ndani: kiini cha kwanza na vizazi vyake hugawanyika mara 13, hata vikapatikana viini karibu 6,000, vyote vikiwa katika ute mmoja.

Protini ya bikoidi, basi, huwa nyingi kwenye ncha ilikoanzia, na hupungua kadiri mtu aendavyo mbali nayo, kama harufu ya samaki anayekaangwa iwavyo kali jikoni na hafifu uani. Hali hiyo ya kupungua hatua kwa hatua yaweza kuitwa mteremko. Penye protini nyingi, kiini huwasha jeni za kichwa. Penye kiasi cha wastani, jeni za kifua. Kuna kiasi ambacho chini yake jeni fulani haiwaki kabisa. Kiasi hicho huitwa kizingiti. Miongoni mwa jeni ziwashwazo na bikoidi imo moja ambayo jina lake la kigeni lina maana ya kibiongo, na hilo pia ni jina la kasoro.

Wazo la jumla lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 1969 na Lewis Wolpert wa Uingereza. Alitumia mfano wa bendera ya Ufaransa: seli zilizopangwa katika safu moja zaweza kujigawa kuwa buluu, nyeupe na nyekundu, ikiwa kila moja itapima kiasi cha kemikali itokayo upande mmoja na kukilinganisha na vizingiti viwili. Hakuna haja ya mchoraji wa kuipaka kila seli rangi yake.

Uthibitisho ulipatikana mwaka 1988, Wolfgang Driever na Nüsslein-Volhard walipoonyesha mteremko wenyewe. Mama akiongezewa nakala za jeni ya bikoidi, mpaka wa kichwa husogea nyuma; akipunguziwa, husogea mbele. Ute wa ncha ya kichwa ukihamishiwa katikati ya yai jingine, viungo vya kichwa huota katikati. Na mama asipokuwa na jeni nzima ya bikoidi, watoto wake hukosa kichwa na kifua, na mahali pa kichwa huota sehemu za mkia. Hapo jeni nzima iliyotoka kwa baba haiokoi kitu. Ujumbe wa kwanza ni wa mama, nao huandikwa kabla mtoto hajatungwa.

Ni vizuri kuongeza tahadhari. Bikoidi hupatikana kwa baadhi ya nzi tu; binadamu hana jeni hiyo, wala chura. Kilicho cha wanyama wengi ni kanuni: tofauti ndogo ya mwanzo, mteremko wa ujumbe, na seli zinazousoma kwa kuupima.

4. Mgongo na tumbo la nzi

Katika mhimili wa pili utaratibu ni mwingine. Protini ya dorsali imeenea katika kiinitete chote, juu na chini, kwa kiasi kinachokaribiana. Kinachotofautiana ni mahali ilipo ndani ya kila sehemu. Upande mmoja wa yai ujumbe hutoka nje na kupokelewa na kipokezi kiitwacho Toli, kilichotandazwa juu ya uso wote wa kiinitete. Kipokezi kipo kila mahali, lakini ujumbe umewashwa upande mmoja tu. Huko dorsali hufunguliwa na kuingia ndani ya viini, na penye viini vilivyoipokea kwa wingi hutokea tumbo. Upande wa pili dorsali hubaki nje ya viini, na kwa kuwa haikuingia, hutokea mgongo.

Sasa jina la jeni hiyo laeleweka. Jeni ikikosekana, hakuna kiini kinachopokea agizo, na kila sehemu hubaki katika hali ya mgongo. Hiyo ndiyo desturi ya wataalamu wa nzi: kuita jeni kwa jina la ugonjwa wake. Krüppel, kwa Kijerumani, ni kiwete. Fushi tarazu, jina la Kijapani ambalo ulimi wa Mswahili hulitamka bila taabu, maana yake ni kwamba pingili hazitoshi, ilhali kazi ya jeni hiyo ni kuhakikisha kwamba pingili zinatosha. Kutafsiri majina hayo ni sawa na kumwita mlinzi kwa jina la mwizi aingiaye mlinzi asipokuwapo.

Njia hiyo ya Toli haikuishia katika mihimili. Mwaka 1996, kikundi cha Jules Hoffmann mjini Strasbourg, Ufaransa, kilionyesha kwamba nzi mzima huitumia njia hiyo hiyo kujikinga na kuvu. Uvumbuzi huo ulisaidia kufahamu kinga ya mwili wa binadamu pia, na Hoffmann alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Mtu akiitwa kueleza kipokezi hicho kwa Kiswahili na kukiita “kipokezi cha tumbo”, atakuwa amejifungia mlango wa nusu ya elimu yake.

5. Mratibu wa kiinitete

Kwa chura, mwanzo wa mgongo huonekana mara tu baada ya yai kutungishwa. Mbegu ya kiume huingia upande mmoja. Kisha tabaka la nje la yai huzunguka kwa nyuzi karibu 30 juu ya ute wa ndani, na upande ulio mkabala na ule ilikoingilia mbegu huwa mgongo. Mzunguko huo husogeza vitu vilivyokuwa chini ya yai, na upande huo protini iitwayo beta-katenini hukusanyika ndani ya viini. Yai lililokuwa sawa pande zote za duara yake sasa lina upande mmoja ulio tofauti.

Nguvu ya upande huo ilijulikana kabla ya jeni kujulikana. Mjini Freiburg, Ujerumani, Hilde Mangold, mwanafunzi wa Hans Spemann, alichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda kutoka upande utakaokuwa mgongo, akakipandikiza katika upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Alitumia aina mbili za salamanda zenye rangi tofauti ili seli za mgeni zitambulike kati ya zile za mwenyeji. Tumboni mwa mwenyeji ukaota mwili wa pili, wenye mgongo na mishipa ya fahamu yake. Jambo la ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya mishipa hiyo ilitokana na seli za mwenyeji. Kipande kilichopandikizwa hakikujenga mwili wote chenyewe; kiliziambia seli jirani zijenge. Makala yao yalitolewa mwaka 1924, na mwaka huo huo Hilde Mangold akafariki kwa ajali ya moto akiwa na umri wa miaka 25. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Spemann alikiita kipande hicho kwa neno la Kijerumani ambalo kamusi ingelitafsiri kuwa mpangaji. Lakini mjini mpangaji ni mtu aliyekodi nyumba, na msomaji angeuliza kodi hulipwa kwa nani. Neno mratibu lafaa zaidi, kwa kuwa mratibu hatendi kazi ya wenzake bali huwapa utaratibu.

Mratibu asema nini? Ilichukua miaka karibu 70 kupata jibu. Protini iitwayo nogini ilitambuliwa mwaka 1992, na kordini mwaka 1994, zote zikitoka kwa mratibu. Mwaka 1996 ikabainika kwamba protini hizo haziamuru seli chochote. Hushikamana na protini nyingine, BMP, na kuizuia isifike kwenye vipokezi vyake. Kwa chura, BMP ndiyo iletayo tumbo na ngozi. Mahali ilipozuiwa, seli hufuata njia ya mgongo na mishipa ya fahamu. Mratibu, basi, hufanya kazi kwa kunyamazisha. Hata jina la BMP lapotosha: linataja mfupa, kwa sababu protini za jamii hiyo zilijulikana kwanza kwa uwezo wake wa kukuza mfupa.

6. Ujumbe mmoja, maana mbili

Nzi naye ana protini ya jamii ya BMP, na ana mzuiaji wake afananaye na kordini. Lakini kwake mambo yamepinduka: BMP huleta mgongo, na mzuiaji hukaa upande wa tumbo, ambako ndiko ilikolala mishipa mikuu ya fahamu ya wadudu. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba mzuiaji wa nzi aweza kufanya kazi katika kiinitete cha chura, na wa chura katika kiinitete cha nzi.

Ugunduzi huo ulifufua wazo la Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, ambaye mwaka 1822 alidai kwamba kamba wa baharini akigeuzwa chali, mpangilio wa viungo vyake hufanana na ule wa wanyama wenye uti wa mgongo. Georges Cuvier alimpinga vikali, na mabishano yao ya mwaka 1830 mjini Paris yalisikika Ulaya nzima. Katika jambo hili moja, jeni zimeelemea upande wa Geoffroy.

Mwanaisimu hatashangaa kuona kwamba ujumbe ule ule waleta mgongo hapa na tumbo pale. Silabi -ku- katika “anakuona” yamtaja mtu wa pili; katika “hakuona” ni alama ya wakati uliopita katika ukanushi; katika “kuona” ni alama ya kitenzi-jina. Hakuna aulizaye -ku- “kwa asili” yamaanisha nini pasipo kutaja mahali ilipo. Kwa BMP vivyo hivyo: swali la maana yake halina jibu mpaka itajwe seli gani inaisoma, na wapi.

7. Jeni zilizopangwa kwa mstari

Kujua kwamba upande huu ni kichwa hakutoshi. Lazima kila sehemu katikati ipate sura yake. Kazi hiyo ni ya jeni za jamii ya Hoksi. Edward B. Lewis alieleza mwaka 1978 kwamba jeni za namna hiyo zimepangwa juu ya kromosomu kwa utaratibu ule ule wa sehemu za mwili zinazozitawala, toka upande wa kichwa hadi mkiani. Moja ikiharibika, sehemu moja ya mwili huchukua sura ya nyingine: nzi huweza kupata mabawa manne badala ya mawili, au miguu mahali pa papasi kichwani.

Mwaka 1984, kikundi cha Walter Gehring mjini Basel, Uswisi, na watafiti wengine wa Marekani walitangaza kwamba jeni hizo zina kipande kinachofanana, nacho hupatikana hata kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Nzi ana jeni 8 za Hoksi; binadamu ana 39, katika mafungu manne, na mpangilio wake waendelea kufuata mwili.

8. Kushoto

Mhimili wa kuume na kushoto huja mwisho, wala hauwezi kutangulia. Hata katika usemi, hakuna awezaye kutaja kushoto kwa kitu kabla ya kujua kichwa chake kiko wapi na uso wake umeelekea wapi. Kwa nje mtu ni sawa pande zote mbili, lakini ndani moyo umeelemea kushoto, ini liko kuume, na wengu uko kushoto.

Mwaka 1998, watafiti wa Japani, akiwamo Shigenori Nonaka na Nobutaka Hirokawa, walionyesha jinsi kiinitete cha panya kinavyoanza kupambanua pande hizo. Kwenye kishimo kidogo upande wa tumbo, vinywele vya seli, yaani silia, huzunguka upande mmoja huku vimeinama kuelekea mkiani, na mzunguko huo hupeleka maji upande wa kushoto. Baada ya hapo jeni iitwayo nodali huwaka kushoto peke yake. Mwaka 2002, watafiti wa Japani waliyageuza maji yaende kuume kwa mtambo, na viungo vikapinduka. Wanyama wote hawafuati njia hiyo. Kuku, kwa mfano, hutumia njia nyingine.

Hapo elimu ya viinitete yakutana na mgonjwa. Katika watu 10,000, mmoja hivi huzaliwa na viungo vya ndani vilivyopinduka kabisa, moyo ukiwa kuume. Wengi huishi wakiwa na afya njema bila kujua. Lakini wako wenye silia zisizofanya kazi, nao husumbuliwa na kikohozi na magonjwa ya mapafu tangu utotoni. Takriban nusu yao wana viungo vilivyopinduka, kwa kuwa pasipo mkondo wa maji upande huamuliwa kwa bahati. Manes Kartagener wa Uswisi aliuelezea mkusanyiko wa dalili hizo mwaka 1933, na Björn Afzelius wa Uswidi akaonyesha sababu yake mwaka 1976. Daktari asiyelijua jambo hilo aweza kupuuza maumivu ya kidole-tumbo kwa sababu tu yako upande wa kushoto. Na mzazi asiyeelezwa kwa lugha anayoielewa aweza kutafuta mwenye kulaumiwa mahali ambapo hapana mkosaji.

9. Hitimisho

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yaweza kutolewa. Kwanza, mihimili itajwe kwa viungo, yaani kichwa na mkia, mgongo na tumbo, kuume na kushoto, wala isitajwe kwa mbele na nyuma. Pili, majina ya jeni yasitafsiriwe. Yaandikwe kwa matamshi ya Kiswahili, na kazi ya jeni ielezwe kando yake. Tatu, isisemwe kwamba jeni fulani “inaumba” kichwa au mgongo. Isemwe kwamba yatoa ujumbe, yausoma, au yauzuia, maana hivyo ndivyo ilivyo.

Kiswahili hakikupungukiwa maneno katika safari hii: mhimili, mteremko, kizingiti, kipokezi, mratibu, yote yamo au yaundika kwa urahisi. Kinachohitajika ni kwamba mwanaisimu na mwanabiolojia wakae meza moja kabla istilahi haijapigwa chapa, ili jeni iletayo tumbo isiingie katika kamusi kwa jina la mgongo.